Rangi ya nyanya haiko kwenye tenga

NYANYA zinapokomaa kwa pamoja kando ya Ziwa Victoria, kuanzia vijiji vya Musoma Vijijini hadi Bunda, bei ya tenga huporomoka ndani ya siku chache. Mzigo usiopata mnunuzi huliwa na ng'ombe au huozea shambani. Ndiyo maana habari kwamba kuna viwanda vinavyonunua rangi iliyotolewa kwenye mboga humfikia mkulima wa Mara kama habari njema. Nyanya ni nyekundu, viazi lishe vina rangi ya chungwa, pilipili ipo, mtama mwekundu upo. Kama rangi ina soko, kwa nini iozee shambani?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo kwenye hesabu ndogo ambayo wengi wanaoisifu biashara hii huiruka.

Soko lenyewe lipo na linakua. Septemba 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti uliohusisha mchanganyiko wa baadhi ya rangi za viwandani na utundu uliozidi kwa watoto. Tangu Julai 2010, vyakula vyenye rangi hizo sita vinavyouzwa Umoja wa Ulaya lazima vibandikwe onyo. Viwanda vingi havikutaka onyo hilo kwenye pakiti za pipi, vikaanza kutafuta rangi za mimea. Marekani ilichelewa, lakini Januari 2025 mamlaka yake ya chakula na dawa ilifuta kibali cha rangi nyekundu namba 3, na Aprili mwaka huo ikatangaza mpango wa kuziondoa rangi zitokanazo na petroli kwenye chakula. Mnunuzi mkubwa ameingia sokoni.

Pamoja na hayo, njia ya zamani ya kutoa rangi ina dosari. Viwanda vingi hutumia heksani, kimiminika cha jamii ya petroli kinachoyeyusha mafuta na rangi zilizomo kwenye mmea, kisha huchemshwa hadi kiishe. Ni njia rahisi na ya haraka, ila mnunuzi huuliza kila mara kama kuna mabaki. Hapo ndipo inapoingia njia ya hewa ya ukaa.

Mashine inavyofanya kazi

Hewa ya ukaa ni ileile inayotoa povu kwenye soda. Ikibanwa zaidi ya mara 73 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa na joto likapita nyuzi 31, huacha kuwa gesi lakini pia haiwi kimiminika. Hupenya kwenye unga wa mmea kama gesi, na huyeyusha vitu kama kimiminika. Inapopitishwa kwenye mtungi wa chuma uliojazwa unga wa mmea mkavu hubeba mafuta na rangi iliyomo. Mbele ya safari mgandamizo unapunguzwa, hewa inatoroka na kurudishwa kwenye mzunguko, na rangi inabaki chini ya chombo. Hakuna mabaki ya kutafuta, kwa sababu kilichotumika kimeondoka chenyewe.

Teknolojia hii si ya jana. Mjerumani Kurt Zosel aliibuni kwa matumizi ya viwanda katika miaka ya 1960 akiwa Taasisi ya Max Planck mjini Mülheim, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuondoa kafeini kwenye kahawa. Baadaye ikatumika kukamua ua la hopsi linaloipa bia uchungu wake, kisha viungo, kisha rangi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 kuhusu viyeyushi vya chakula inaitaja hewa ya ukaa miongoni mwa vile vinavyoruhusiwa kwa matumizi yote.

Hewa yenyewe Tanzania inayo. Kampuni ya TOL Gases, iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huichimba kutoka ardhini wilayani Rungwe, Mbeya, na kuviuzia viwanda vya vinywaji. Kwa hiyo kikwazo si gesi. Kikwazo ni chuma na unga.

Chuma, kwa sababu nyuzi 31 na mgandamizo wa mara 73 ni mwanzo tu. Rangi nyekundu ya nyanya, iitwayo laikopini, na ile ya chungwa ya karoti na viazi lishe, beta-karotini, ni ngumu kuyeyuka. Kuzitoa huhitaji mgandamizo wa mara 300 hadi 400 na joto la nyuzi 60 hadi 80, mara nyingi pamoja na mafuta kidogo ya kula ya kuzisindikiza. Mitungi ya kuhimili nguvu hiyo, pampu zake na vifaa vya usalama hugharimu mamilioni ya dola kwa kiwanda cha biashara. Hiyo si mashine ya kikundi cha wakulima 20 waliokopa benki.

Unga ni habari nyingine, na ndio unaomhusu mkulima moja kwa moja. Mtungi haupokei nyanya mbichi. Maji huziba njia ya hewa na kuharibu kazi yote, hivyo mmea lazima ukaushwe hadi unyevu ubaki karibu asilimia 10, kisha usagwe.

Hesabu ya tenga

Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Katika kila gramu 100 za nyanya za kawaida mna miligramu tatu hadi tano hivi za rangi nyekundu. Chukua tenga la kilo 40: ndani yake mna gramu 1.2 hadi 2 za rangi. Ni kitu kisichojaza nusu ya kijiko cha chai. Ili kupata kilo moja tu ya rangi halisi zinahitajika tani 20 hadi 33 za nyanya mbichi, na hiyo ni kama mashine ingeitoa yote bila kupoteza hata chembe, jambo lisilotokea.

Sasa mkulima ajiulize kuni, mkaa au umeme wa kukausha tani 20 za nyanya zilizojaa maji. Hata kaushio la jua, lisilo na gharama ya nishati, lina gharama ya nailoni, mbao, siku na mikono. Bei ya rangi haiwezi kubeba mzigo huo wote na bado ikamwachia mwenye shamba kitu mfukoni.

Wanaofanya biashara ya laikopini kwa faida wana njia mbili ambazo Mara haina. Baadhi hupanda nyanya za mbegu maalumu zenye rangi nyingi mara kadhaa kuliko za sokoni. Wengine hutumia maganda. Ganda la nyanya limebeba rangi nyingi kuliko nyama yake, na kiwanda cha rojo ya nyanya hubaki na marundo ya maganda ambayo tayari yamelipiwa. Kwa hiyo kama rangi ya nyanya itakamuliwa Tanzania kwa faida, mahali pake pa kwanza ni jirani na wasindikaji wa nyanya wa Iringa na Arusha. Nyanya ya Bunda haiwezi kusafirishwa huko ikiwa mbichi na bado ikabaki na bei.

Viazi lishe navyo vina hesabu yao. Mkoa wa Mara ulikuwamo katika mradi wa Marando Bora wa mwaka 2009 hadi 2012, ulioeneza mbegu za viazi vyenye rangi ya chungwa Kanda ya Ziwa, zikiwamo aina zenye asili ya Uganda. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya aina hii. Lakini rangi iliyomo kwenye kilo moja ya viazi lishe vilivyokaushwa ni sehemu ndogo ya gramu. Kuikamua ili kuuza ni kutupa chakula: gramu 125 za viazi hivyo vilivyochemshwa zinatosha mahitaji ya siku ya vitamini A ya mtoto mdogo. Hapa rangi ina thamani kubwa ikibaki ndani ya unga wa uji kuliko ikitolewa.

Linganisha na mimea ambayo dunia huinunua hasa kwa ajili ya rangi. Kilo moja ya paprika iliyokauka, ile pilipili nyekundu isiyo kali, ina gramu kadhaa za rangi. Kilo moja ya mbegu za mzingefuri inaweza kuwa na gramu 10 hadi 40. Nyanya iliyokaushwa haifiki gramu moja. Mnunuzi wa rangi hanunui uzito, hanunui wekundu unaoonekana kwa macho. Ananunua gramu za rangi ndani ya kilo kavu.

Kwale na mzingefuri

Mfano wa karibu wa wakulima wadogo wanaoishi na biashara ya rangi uko Pwani ya Kenya, kaunti ya Kwale. Huko mzingefuri, ambao wenyeji huuita mrangi, umekuwa zao la biashara kwa miongo kadhaa, na mbegu zake hununuliwa na kiwanda cha Kenya Bixa. Kenya imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa rangi hiyo duniani, nyuma ya nchi za Amerika ya Kusini. Ndiyo rangi ya njano na chungwa kwenye jibini na siagi nyingi za Ulaya.

Kuna mambo mawili ya kujifunza Kwale. Kwanza, rangi ya mzingefuri ipo juu ya ganda la mbegu, na hutolewa kwa mafuta ya kula, kwa maji yenye alkali au kwa viyeyushi vya kawaida. Biashara hiyo ilisimama bila kusubiri mitungi ya mgandamizo mkubwa. Pili, zao lenye wanunuzi wachache humweka mkulima mikononi mwao. Malalamiko ya bei ya mrangi yamesikika Kwale kwa miaka mingi, na mkulima mwenye gunia la mbegu za rangi hawezi kulipika likawa mboga bei ikimkatisha tamaa. Nyanya ikikosa soko angalau mtoto atakula.

Je, mzingefuri upandwe Mara? Mti huo hupenda joto na mvua ya kutosha, na mvua za Bunda na Musoma ni chache na za kubahatisha. Mashamba ya kando ya ziwa au yenye maji, kama bonde la Bugwema, yanaweza kuubeba, lakini hapo utashindana na mpunga na mboga ambazo tayari zina mlaji. Paprika ina nafasi kidogo zaidi kwa kuwa ni zao la msimu, mkulima akishindwa mwaka huu hajafungwa miaka kumi. Hata hivyo nayo inataka maji, inataka kukaushwa vizuri, na inataka mnunuzi aliyejulikana kabla mbegu haijaingia kitaluni.

Kuna mshindani mwingine ambaye haonekani sokoni Musoma. Beta-karotini ya kutengenezwa maabara imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1954. Nyingine hutoka kwenye mwani unaofugwa kwenye mabwawa ya chumvi huko Australia, na nyingine kwenye kuvu wanaokuzwa ndani ya matangi. Wote hao hutoa rangi ileile kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mkulima wa mboga anashindana nao pale tu mnunuzi anapotaka kuandika kwenye pakiti kwamba rangi imetoka kwenye mboga fulani, na anapokuwa tayari kulipia maandishi hayo.

Maandishi hayo yanalindwa kwa ukali. Mwaka 2003 Ulaya iligundua rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1, ya kupaka viatu na nta, ndani ya unga wa pilipili kutoka India. Mtu alikuwa ameuongezea wekundu ili apate bei. Mwanzoni mwa 2005 Uingereza iliondoa madukani bidhaa zaidi ya 400 kwa sababu ya sosi moja iliyotumia unga wa aina hiyo. Musoma inalijua somo hili kupitia samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa sangara wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, na wavuvi ambao hawakuwahi kugusa sumu waliumia pamoja na walioigusa. Kwa pilipili iliyokauka kuna pia sumukuvu: Ulaya hairuhusu zaidi ya maikrogramu 10 za sumu hiyo kwa kilo, na pilipili iliyoanikwa chini kwenye udongo wenye unyevu huvuka kiwango hicho bila kuonyesha dalili yoyote kwa macho.

Rangi inayokubali maji

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba hewa ya ukaa haitoi kila rangi. Inapenda rangi zinazokubaliana na mafuta: nyanya, karoti, pilipili, viazi lishe. Rangi ya rozela, ya kiazisukari chekundu, ya zabibu na ya mtama mwekundu hukubaliana na maji, na hewa hiyo peke yake huzipita kama hazipo. Kwa rangi hizo chombo kinachohitajika ni sufuria, maji ya moto, kitambaa safi cha kuchujia na, kwa anayetaka kuitunza muda mrefu, namna ya kuikausha.

Hapa mfanyabiashara mdogo wa Mara ana soko lililo karibu zaidi kuliko Ulaya. Ubuyu unaouzwa kwenye vifuko mashuleni na stendi ya mabasi Bunda, barafu za watoto, juisi za mitaani, vingi hutiwa rangi ya unga ya dukani. Rozela iliyochemshwa hutoa wekundu unaotosha kazi hiyo. Rangi yake hukaa nyekundu penye uchachu, na ubuyu ni mchachu kwa asili yake, kwa hiyo vinapatana; ikikutana na magadi hugeuka kuwa ya kibuluu na kupoteza mvuto. Rangi ya kiazisukari chekundu ni kali zaidi, lakini moto huiua, hivyo inafaa kutiwa mwishoni, chakula kikiwa kimepoa.

Mtama mwekundu ndio unaostahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu Mara tayari inaulima na kuula kwenye ugali wa mtama na muhogo. Huko Benin, wanawake wanaotengeneza jibini ya asili huichemsha na maganda ya majani ya mtama wa rangi ili iwe nyekundu, na rangi hiyo huvumilia moto kuliko ya rozela. Ni mabaki ya shamba, si punje. Aina za mtama zinazolimwa Bunda na Butiama si lazima ziwe na rangi hiyo kwa wingi, na hilo hujulikana kwa kuchemsha, si kwa kubahatisha.

Anayetaka kuuza chakula chenye rangi hizi nje ya mtaa wake atakutana na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa TFDA. SIDO ina ofisi Musoma, na mafunzo ya usindikaji ni kazi yake ya kila siku. Butiama nayo imepewa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Mtungi mdogo wa majaribio wa hewa ya ukaa, wa lita moja au mbili, una maana kubwa ukiwa kwenye maabara ya chuo kama hicho kuliko ukiwa mali ya kikundi kijijini: hapo ndipo paprika ya Bunda na nyanya ya Musoma zingepimwa na kupewa namba kabla ya mtu yeyote kuuza ng'ombe ili apande.

Mkataba unapokuja

Siku mnunuzi wa zao la rangi atakapofika Mara na fomu zake, kuna mambo ambayo chama cha msingi kinapaswa kuyauliza mezani. Wakulima wa pamba wa Bunda wanajua gharama ya kutouliza. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huondoka ikiwa nyuzi, na bei yake hupangwa mbali.

La kwanza ni kipimo. Paprika hulipwa duniani kwa kipimo cha ASTA, namba inayoonyesha nguvu ya rangi. Mkataba unaotaja kilo tu bila namba hiyo unampa mnunuzi nafasi ya kulipa bei ya pilipili ya mchuzi kwa mzigo wa rangi, au kuukataa mzigo wote kwa kisingizio cha rangi hafifu. Vilevile uandikwe unyevu unaokubalika, nani anapima, na kama mkulima ana haki ya kubaki na sampuli yake iliyofungwa kwa lakiri.

La pili ni jua. Wengi huamini kwamba kukausha ni kuanika, na jua kali ndilo zuri. Kwa rangi hizi ni kinyume. Mwanga, joto na hewa huzipausha, ndiyo maana kaushio lenye kivuli na upepo linashinda turubai lililotandikwa juani. Bei ya kaushio inapaswa kujulikana ni ya nani kabla ya msimu.

La tatu, na ndilo linalosahaulika, ni siku za ghalani. Utafiti uliofanyika Uganda kwa viazi lishe vilivyokaushwa uliona kwamba baada ya miezi minne ya kuhifadhiwa katika joto la kawaida karibu asilimia 70 ya rangi yenye vitamini ilikuwa imepotea. Paprika ina tabia zake, lakini nayo hufifia ikikaa. Mzigo uliopimwa Bunda ukiwa na rangi kamili, ukakaa miezi mitatu ukisubiri lori, utapimwa tena kiwandani ukiwa mzigo mwingine. Mkataba useme malipo yanafuata kipimo cha siku ya kukabidhi ghalani au cha siku ya kufika kiwandani, na kama ni cha kiwandani, lori linakuja ndani ya siku ngapi.